Mlango wa Nafsi

Kitabu cha baba yangu kilikuwa kimekamilika isipokuwa jambo moja: kilikuwa hakijasomwa mbele yake. Hapa Nishapur, kitabu ambacho mwandishi hakukisikia kikisomwa na kukikubali mbele ya shahidi ni karatasi za kufungia bizari. Na baba, Abu Mutahhar, aliyebishana na kila mwanafalsafa wa Khurasani, alikuwa amepooza upande mmoja na kubakiwa na neno moja tu: naam.

Maisha yake yote alifundisha kwamba nafsi haiugui. Mwili ni farasi, alisema. Farasi akivunjika mguu, usimtangazie mpandaji tanzia.

Farrukhzad, mwanafunzi wake mkubwa, ndiye aliyekuja kusoma. Shahidi alikuwa jirani yetu Mzee Kaveh, mchonga vito. Kila mlango ulipokwisha, Farrukhzad aliuliza, "Umekubali, ustadhi?"

"Naam," baba alijibu.

"Mume mwema huyu," Kaveh alisema huku akitafuna zabibu. "Mimi pia nyumbani kwangu sina neno jingine."

Tukafika mlango wa nafsi. Farrukhzad akasoma: "Nafsi hudhoofika kadiri mwili unavyodhoofika."

"Koma hapo!" nikasema. "Mlango huo nimeunakili kwa mkono wangu. Hayo si maneno ya baba."

"Nimeusahihisha, dada Shahrnaz."

"Wewe? Juzijuzi tu alikuwa akikufundisha kuchonga kalamu!"

Hakukasirika. "Mimi ndiye ninayemwogesha. Kila siku namtafuta machoni mwake, simpati. Yeye mwenyewe alitukataza kuandika tusichokiona." Akamgeukia baba. "Umekubali, ustadhi?"

"Naam."

Kaveh akachovya kalamu. Nikapiga magoti mbele ya baba.

"Baba, mimi ni ngamia?"

"Naam."

"Na Mzee Kaveh ni mkeo?"

"Naam."

"Astaghafirulahi!" Kaveh akaangua kicheko. "Na harusini sikualikwa!"

"Mmesikia," nikasema. "Hajui anachojibu. Naam yake si idhini."

Farrukhzad alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonikata maini. "Kama hajui, dada, basi nafsi imeanguka pamoja na mwili, na nilichoandika ni kweli. Kama anajua, amekiidhinisha. Sema lipi."

Kusema baba yumo ndani ni kumkabidhi Farrukhzad kitabu. Kusema hayumo ni kumzika baba na fundisho lake, naye ameketi pale anapumua.

"Basi tuahirishe," nikasema.

"Mpaka lini, mwanangu?" Kaveh aliuliza polepole. "Mpaka apone?"

Tabibu wa kumuuliza hakuwepo. Mtaa huu tabibu wake alikuwa baba.

Jicho lake la upande uliopooza hutiririka siku zote. Sasa na lile zima lilikuwa limelowa. "Tazameni!" nikasema. Farrukhzad akasogea, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Midomo ilimcheza.

"Ni moshi wa jiko hili la mkaa," akasema, akarudi mahali pake. "Umekubali, ustadhi? Kwa mara ya mwisho, shahidi asikie."

Nikamziba baba mdomo kwa kiganja. Chini yake midomo ikasogea, ya joto, ikitamka.

"Amekubali," akasema Kaveh bila kunitazama, akaandika jina lake.