Makadirio

Mashuka kumi na manane ya nyumba ya wageni yalikuwa yamelowekwa kwenye mabeseni tangu alfajiri, na dobi bado alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya maji. Ilani aliyoikunja mkononi ilisema angekatiwa maji siku hiyo hiyo.

Zamu yake ilipofika, aliweka bili dirishani na kumwonyesha karani neno moja: makadirio. Ulikuwa mwezi wa kumi na nne sasa bili zikija na neno hilo. Bili ilisema mita yake imefika yuniti 530. Yeye aliisoma asubuhi, ikamwonyesha 412. Alilipia alizoziona, zilizobaki akagoma.

"Mama, makadirio maana yake hatukusoma," karani akasema bila kuinua uso.

"Kama hamkusoma, hiyo mia tano thelathini mmeitoa wapi?"

Aliyemweleza ni mzee wa masijala, aliyekuwa akipanga mafaili nyuma. Neno hilo liliingizwa kwenye kanuni zamani kwa ajili ya nyumba zenye mageti na mbwa: msomaji mita akishindwa kuingia, anaandika wastani wa miezi mitatu, akirudi anasahihisha. Wakati huo wasomaji walikuwa kumi na wawili. Sasa wamebaki wawili.

"Mimi geti sina, baba. Na huyo mbwa nimlishe nini?"

Foleni ikacheka. Karani alijaribu kuingiza 412. Kompyuta ikakataa, kwa kuwa mita hairudi nyuma. Akamshauri aendelee kutumia maji mpaka aifikie 530.

Aliporudi nyumbani alimkuta fundi wa kukata maji amepiga magoti uani, pua nusura iguse kioo cha mita. Mlango hakuukosa. Dobi alimwomba saa moja tu asuuze mashuka. Fundi akasema ana nyumba tisa mbele yake. Akafunga koki, akaitia lakiri, akamnyooshea fomu asaini. Nafasi ya usomaji wa mwisho ilikuwa imeshajazwa ofisini: 530.

"Andika unachokiona."

"Dada, kazi yangu kukata. Kusoma ni idara nyingine."

"Basi na sahihi yangu ni idara nyingine."

Fundi akatazama saa. Bila sahihi, nyumba hiyo isingehesabiwa kwenye posho yake. Akaikata ile 530 kwa mstari, akaandika 412 juu yake.

Dobi aliisoma fomu mara mbili ndipo akasaini. Mita ilikuwa imesomwa kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne, na maji yalikuwa yameshafungwa.