Mlo wa Bwana Ndevu

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Fundi alikuwa mpishi mkuu wa hospitali, na katika miaka yote hiyo hakuna sahani iliyorudi jikoni na chakula bila yeye kujua kwa nini. Alisimama pale dirishani, sahani zikishuka kutoka wodini, akazisoma moja moja kama wenzake wanavyosoma magazeti. Huyu kala pembeni tu, katikati kulikuwa na moto. Huyu kaacha nyama, ana jino bovu. Huyu hakugusa kitu ila kijiko kimelowa: kaletewa chakula cha nyumbani na anaona haya kusema. Akishajua, anavua aproni, anapanda ngazi mwenyewe mpaka kitandani kwa mtu, anaongea naye mawili matatu, na kesho yake sahani ile inarudi inang'aa.

Basi mtu wa namna hiyo, hebu fikiria, akashindwa na mjusi.

Si mjusi wa ukutani huyu, wa kufukuza kwa ufagio. Ni wale wa kufuga, wenye miba chini ya kidevu kama ndevu, urefu wake kutoka kiwiko chako hadi ncha ya kidole, na sura ya mzee aliyekatazwa chumvi. Jina lake Bwana Ndevu. Mwenye mjusi ni binti wa Mama Fundi, huyo Fundi mwenyewe, ambaye alianza kufungua redio za watu akiwa na miaka sita, na si zote alizozifunga, jina likamganda. Sasa alikuwa mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, anasomea ufundi wa lifti. Nafasi ile aliiomba miaka miwili. Darasa lina watu kumi na tisa, msichana ni yeye peke yake, na Ijumaa ulikuwa mtihani wa vitendo. Asiyefanya Ijumaa anasubiri mwakani.

Alipoondoka aliacha karatasi imebandikwa kwenye friji. Majani kila siku. Nyenje mara mbili kwa wiki, na nyenje asizidi nafasi iliyopo kati ya macho ya Ndevu. Unga wa kalsiamu kidogo juu ya nyenje. Maji mdondoshee puani, ataramba.

Mama Fundi aliisoma akacheka kwa pua. Yeye analisha watu mia nne kwa siku, wenye sukari, wenye presha, waliotoka kupasuliwa. Mjusi mmoja!

Siku ya kwanza aliamka kama kawaida yake, saa kumi alfajiri, na kabla hajaenda kazini akamwandalia Ndevu majani ya figili na boga, vyote vimekatwa vipande sawasawa, vimepita kwenye mvuke dakika nne, na juu kabisa kipande cha pilipili hoho nyekundu kwa ajili ya macho. Aliporudi jioni, kila kitu kilikuwa pale pale kimenyauka chini ya taa ya kasha la kioo alimokaa Ndevu, na pilipili imekaa juu kama taji.

"Mama, umempikia?" Fundi alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Hali vya kupikwa!"

"Nani asiyekula vya kupikwa?"

"Mjusi, mama!"

Haya. Kesho yake vikaenda vibichi. Vikarudi vibichi. Jioni akamjaribu kwa nyenje, wale waliokuwa kwenye ndoo ya matundu jikoni, wakipiga kelele usiku kucha wakishindana na mkoromo wa mumewe. Akamshika mmoja kwa kibano, akampaka unga, akamteremshia. Ndevu akavimbisha kidevu kikawa cheusi tii, akarudi nyuma mpaka mkia ukagonga kioo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Ya nne hivyo hivyo. Siku ya sita alimpima kwenye mizani ya unga: ameshuka gramu ishirini na sita.

Akamwambia binti yake ukweli, kwa sababu ndivyo alivyo. Jumanne jioni simu ikawa nzito.

"Basi narudi," alisema Fundi.

"Unarudi wapi na mtihani Ijumaa?"

"Mama, gramu ishirini na sita! Yule nimemlea tangu akiwa saizi ya kidole gumba. Atanifia huko, mimi niko hapa nashika spana?" Sauti ilikuwa inatetemeka, na Fundi si mtu wa kulia ovyo. "Kesho saa saba nikitoka darasani nakupigia. Kama hajala, nachukua basi la mchana."

Simu ikakatika. Mumewe, ambaye ni kinyozi na amesikia kila neno kwa sababu kusikiliza ndiyo nusu ya kazi yake, akaweka gazeti chini.

"Mwambie amekula."

"Nini?"

"Kesho akipiga. Sema amekula. Uongo wa siku mbili tu, mtoto afanye mtihani wake. Tukimaliza Ijumaa, tunatubu Jumamosi."

"Baba Fundi. Miaka ishirini na miwili sijaandika 'amekula' kwa mgonjwa ambaye hajala. Nianzie kwa mjusi?"

"Mimi nilisema toka mwanzo tumpunguze hizo ndevu. Labda zinamziba mdomo."

"Nenda kalale."

Lakini yeye mwenyewe hakwenda kulala. Alimpigia msaidizi wake jikoni, akamwambia kesho haji, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu msaidizi yule aajiriwe.

"Mkuu, unaumwa?"

"Nina mgonjwa."

"Pole sana! Nani?"

"Mjusi."

"Haya, mkuu," alisema msaidizi, taratibu, kama anavyoongea na watu wa wodi ya homa kali. "Pumzika."

Asubuhi, Mama Fundi alivuta kigoda akakaa mbele ya lile kasha la kioo, mikono magotini, akaanza kumsoma Ndevu kama anavyosoma sahani.

Saa kumi na mbili mjusi alikuwa amejilaza kwenye kona, rangi ya majivu, baridi, amefumba macho. Mama Fundi akajiona mwenyewe siku zote hizo, saa kumi na moja kasorobo, akimwekea huyu karamu mbele. Nani anakula usingizini? Saa moja kamili taa ikajiwasha yenyewe. Ndevu akafungua jicho moja. Baada ya muda akapanda jiwe lililo chini ya taa, akajitandaza bapa kama chapati, akabaki hivyo. Saa mbili bado. Baba Fundi akapita na kikombe cha chai.

"Vipi, anasemaje?"

"Anapata moto. Nyamaza."

Ilipokaribia saa tatu rangi ikaanza kufunguka, kijivu kikaenda, manjano ikaja, hasa mabegani. Inzi akatua juu ya kioo kwa nje. Kichwa cha Ndevu kikageuka, tak! Inzi akatembea, kichwa kikamfuata. Ulimi ukatokeza kidogo ukarudi.

Ile sura Mama Fundi aliifahamu. Ni ya mgonjwa wa siku ya tatu baada ya kupasuliwa, anaponusa mchuzi kwenye korido na kuuliza, "Leo kuna nini?"

"Ana njaa," alinong'ona. "Baba Fundi, huyu ana njaa!"

Akainuka mbio, akachukua sahani ya vibichi alivyokwisha kata, majani, boga na pilipili hoho, akaiweka karibu, na nyenje mmoja kwenye kibano, akafunua kifuniko cha wavu juu ya kasha, akainama. Kidevu kikawa cheusi. Mjusi akaruka kutoka jiweni akajibana kwenye kona, anahema.

"Ah! Sasa nini tena?"

Alikuwa ameshikilia kifuniko kwa mkono mmoja, kibano kwa mkono mwingine, na ndipo alipoona kitu kwenye mchanga wa kasha. Kivuli. Kikubwa, cha mabega mapana, kimemfunika Ndevu kuanzia pua hadi mkia. Akasogea, kivuli kikasogea. Akarudi, kikarudi.

Mama Fundi akakitazama kifuniko mkononi mwake. Maishani mwake kila chombo chenye chakula alikifunulia juu. Sufuria, birika, debe, kila kitu. Siku saba mfululizo alimfunua mjusi wa watu kama sufuria la wali, akamwinamia kama mwewe, halafu akashangaa kwa nini hana hamu.

"Hili kasha lina mlango?" aliuliza.

"Si huo hapo mbele," alisema mumewe. "Kioo kinasukumwa pembeni. Fundi anakaa chini pale kila siku, hujamwona?"

"Wewe ulijua?"

"Nilidhani na wewe unajua! Mpishi ni nani hapa?"

Mama Fundi alirudisha kifuniko. Akasubiri mpaka mjusi aache kuhema na kidevu kirudi rangi yake, apande tena jiweni, na hiyo peke yake ilichukua zaidi ya nusu saa. Halafu akaanza safari ya kushuka sakafuni. Goti la kulia likalia, la kushoto likajibu, akashika ukingo wa meza, akafika. Sasa uso wake ulikuwa sawa na uso wa Ndevu. Akasukuma kioo kidogo tu. Akaweka sahani pembeni, si mbele. Akashika utepe wa jani la figili kwa kibano, akautikisa kidogo kidogo, kama vile jani lenyewe lina mahali linakwenda.

Ndevu akamtazama yeye. Hakulitazama jani.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mama Fundi hajawahi kumpa mtu chakula bila kungojea tonge la kwanza. Anasimama, anatazama koo linavyoshuka, ndipo anaondoka. Huo ndio mshahara wake wa kweli. Lakini macho ya mjusi yalikuwa yamemkaba, na yeye anajua kusoma. Akageuza shingo. Akatazama ukuta. Akatazama soketi ya umeme, ambayo Fundi aliifunga kwa parafujo mbili badala ya nne. Akahesabu vigae. Mkono unatikisa, uso uko ukutani.

Kibano kikavutwa.

Hakugeuka. Akasikia tu: kwaruu, kwaruu, jani bichi linasagwa. Akachukua utepe mwingine bila kuangalia, akapeleka. Ukavutwa kwa nguvu zaidi. Kisha akasikia kucha kwenye mchanga, Ndevu ameshuka jiweni na sasa anakula kwenye sahani mwenyewe, boga, pilipili hoho, vyote.

"Mama Fundi," alisema mumewe kutoka mlangoni, sauti ya chini kabisa. "Unalia?"

"Vumbi. Hukufagia jana."

Kinyozi yule alipaswa kuwa amefungua duka tangu saa tatu. Hakwenda. Alivuta kiti akakaa mbali, mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe, na kila Ndevu alipomeza yeye alitikisa kichwa kama ameshinda kitu.

Saa saba na dakika mbili simu ikalia. Mama Fundi alikuwa angali pale pale sakafuni. Kwa nyuma zilisikika sauti za vijana na chuma kinachogongwa.

"Mama. Hajala, eh?"

"Amekula. Majani, boga, pilipili. Karibu sahani nzima."

"Mama, baba ndiye amekuambia useme hivyo."

"Mimi?" alisema baba yake kwa sauti, na hiyo haikusaidia.

"Namjua baba, mama. Mnataka nibaki. Nashukuru, lakini begi langu liko tayari hapa mlangoni. Nipe picha ya video basi."

"Akiinuliwa simu usoni atakimbia, na mimi sitamkimbiza tena huyu. Nyamaza kwanza. Waambie na hao wenzio wanyamaze."

Akaweka simu sakafuni, kwenye mlango wa kioo, spika wazi. Akachukua kibano, akafungua ndoo, akachagua nyenje mdogo, wa kipimo cha karatasi, akampaka unga. Akampitisha pembeni, chini, taratibu, uso umeelekea ukutani.

Nyenje hana mlio wa jani. Ukimsikia akitafunwa mara moja huwezi kumchanganya na kitu kingine: ka-ka-ka, kama mtu anavunja vijiti vya kiberiti mdomoni. Ndani ya simu chuma kilikuwa kimeacha kugongwa. Akampa wa pili. Ka-ka-ka.

"Huyo," alisema Fundi polepole. "Huyo ni yeye. Anaanzia kichwani. Siku zote anaanzia kichwani." Halafu akapiga kelele, si kwa mama yake bali kwa wale walio nyuma yake: "Amekula! Mama yangu kamlisha! Si niliwaambia? Huyu mama analisha hospitali nzima!"

Vijana kumi na wanane ambao hawajawahi kumwona Mama Fundi wala mjusi wake wakapiga makofi na spana zao, kelele ile ikajaa sebuleni, Ndevu akainua kichwa akatazama simu kwa dharau.

"Umefanyaje, mama?"

"Nimekaa chini."

"Basi?"

"Na nikaacha kumtazama. Hilo ndilo limenitoa jasho."

Fundi akacheka, na safari hii sauti haikutetemeka. "Mimi huwa nakaa pale tu, hata sijui nafanya nini. Wewe umegundua mwenyewe." "Basi sipandi basi. Jioni ya leo wananipa kufunga breki za lifti peke yangu, nilikuwa nimeshamwachia mwingine zamu. Naenda kuichukua."

"Kaichukue. Na kaza parafujo zote nne."

"Nne za nini?"

"Nenda, mwalimu asikusubiri."

Simu ilipokatika, nyumba ikarudi kimya, ikabaki kwaruu-kwaruu ya majani yaliyosalia. Baba Fundi akainuka, akavaa koti lake jeupe la kazini, akaja kusimama karibu, akanyoosha mikono miwili kumwinua mkewe, maana alijua yale magoti yasingemwinua.

"Haya, mama wa mjusi. Njoo ule na wewe, hujatia kitu tumboni tangu alfajiri."

Mama Fundi hakuishika ile mikono. Alikuwa ametazama ukuta, mgongo umenyooka, na kidevu chake kimeinuka juu kidogo kuliko siku zote.

"Ngoja," alisema. "Hajamaliza."