Pingamizi la Ndoa ya Mama

Nimeketi kwenye benchi la ofisi ya mkuu wa wilaya, fomu ya pingamizi mapajani, na usingizi unanichukua kabla jina langu halijaitwa. Mama yangu, Paskazia, mjane wa miaka sitini na mitatu, anataka kuolewa na Evarist, fundi saa, nami mwanawe wa pekee nimekuja kuzuia. Mlango wa karani unafunguka, naingia, na ndani hamna chumba, mna barabara, na barabara inazaa barabara, nazo hazina mwisho. Mtu asiye na uso ananisubiri. Kitendawili, anasema. Tega, namjibu. Nyumba hii hufunguliwa na wawili. Mmoja peke yake hawezi, na wa tatu hana ufunguo. Nafikiri, natembea, nafikiri tena, nimeshindwa. Basi nipe mji, anasema. Nakupa mji wetu, nasema, na papo hapo mji wetu unageuka vioo vitupu, kila ukuta unanionyesha mimi, mimi, mimi tu. Tunapita. Ndani ya kioo kimoja msichana wa miaka kumi na mitatu amevishwa shela, analia. Mzuie anayemwoza, anasema asiye na uso, nami napiga kelele mpaka shela inadondoka. Mbele kidogo mwanamume anadai, kuoa ni haki yangu, nipeni yule mwanamke, na mwanamke anatikisa kichwa. Nasimama kati yao bila kuambiwa. Kisha namwona mama. Amekaa na Evarist, wanamenya ndizi, anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tulipomzika baba. Na huyu je, amelazimishwa? ananiuliza asiye na uso. Hapana. Evarist ana mke? Alifariki. Sasa nani anaumia? Mimi, nasema. Watu watanicheka. Na kiti cha baba atakikalia nani? Mama anageuka, ananitazama. Respisius mwanangu, anasema, baba yako nilimzika kwa heshima zote. Mimi bado sijafa. Jibu ni ndoa, anasema asiye na uso, na wa tatu ni wewe.

Naguswa bega. Kaka, amka, anasema karani, tumemaliza. Fomu haipo mapajani. Nilikupa? namuuliza. Ulinipa, kisha ukasema huna pingamizi, ukaniomba niichane. Sikumbuki kusimama, na ukuta ulio nyuma yake unang'aa kama kioo. Natoka. Mama na Evarist wako mbele ya ubao wa matangazo, wanasoma tangazo la ndoa yao. Mama ananiona, anakaza uso. Nampita, nainama mbele ya mwanamume ambaye sijawahi kumsalimu. Shikamoo, baba. Marahaba, anajibu, ananishika mkono, na kama ni wa ndoto au wa kweli sijui, ila una joto.