Tepe ya Nne ya Kapteni Revokatus

Mchana wa jana, nimeshiba ndizi na senene wa kukaanga na kuegemea cherehani yangu, niliota kwamba mimi ni rubani.

Sikushangaa. Nilikuwa nimevaa shati jeupe lenye tepe nne za dhahabu begani, na nalijua shati lile mshono kwa mshono. Ni la mteja wangu, Kapteni Revokatus. Aliniachia asubuhi nimtolee doa la wino wa kalamu mfukoni na kumkazia tepe zilizolegea. Lilinikaa sawasawa, ingawa yeye ni mrefu na mimi, kama wanavyosema watu wa kijiwe changu, nilishonwa kitambaa kikiwa kimekwisha.

Ndege yangu imeegeshwa mbele ya kibanda, pale tunapoegesha baiskeli. Ndani wamejaa watu wangu wote. Mke wangu, Mama Koku, yuko dirishani na sufuria mapajani. Felisia muuza chapati kakaa kiti cha mbele kabisa, kisimpite kitu. Nawapungia mkono, nao wananipungia. Nafurahi sana. Nyumba imejaa, na safari hii ina mabawa.

Hapo ndipo anapokuja Pua.

Ni pua tu, uso hana. Ana urefu wa jokofu, kavaa fulana ya njano ya walinzi wa uwanja wa ndege, na matundu yake mapana kama vikapu. Nyuma yake anafuata mhuri wa ofisini mwenye miguu miwili mifupi. Kila anapokanyaga, chini panaandikika: IMEPOKELEWA. IMEPOKELEWA.

"Habari za kazi, Kapteni," anasema Pua.

"Nzuri, mkuu."

"Umekunywa."

"Nimekunywa chai ya tangawizi."

"Sikuuliza aina."

Injini ya ndege inawaka yenyewe.

Mimi nina ugonjwa mmoja ambao mtaa mzima unaujua: nikibanwa, natania. "Mkuu wangu," namwambia, "kilevi changu mimi ni umbea tu. Huo nimeuanza shule ya msingi na sijaweza kuuacha."

Ndegeni wanaangua kicheko. Pua hacheki. Mhuri anaruka juu na kutua: AMEKIRI. ALIANZA SHULE YA MSINGI.

Tepe moja inabanduka begani kwangu, inaanguka, inatambaa kama jongoo na kupotelea majanini.

"Hiyo ya kwanza," anasema Pua. "Zikiisha, ndege inaondoka bila wewe."

"Na abiria?"

"Abiria wameshapanda."

"Sasa nani ataiendesha?"

"Hakuna. Ndiyo maana ya bila wewe."

Namtazama Mama Koku dirishani. Anafunua sufuria, anaonja mchuzi, hana habari.

Nawaza: heri nijifanye nimeugua ghafla, niende nyumbani, nirudi mambo yakipoa. Ndivyo tunavyofanya hata mgambo wa mji wakija kukagua leseni za biashara. Nageuka. Mlango wa nyumbani kwangu uko hatua tano tu, na pazia lake la maua. Napiga hatua moja.

AMEKATAA KUPIMWA, anagonga mhuri.

"Lakini hakuna aliyesema nipimwe!"

"Tungesema," anajibu Pua, "lakini umeondoka."

Tepe ya pili inaanguka. Ndege inaanza kusogea. Watu wangu wanashangilia, wakidhani safari imeanza.

Sasa nakasirika. Najua sikupaswa, lakini nyie mngefanyaje? "Unanijua mimi ni nani?" napiga kelele. "Nimeruka miaka kumi na minane! Nimempeleka mkuu wako wa kazi harusini kwa mwanawe! Pua nzima huna hata uso!"

AMEPAYUKA. MACHO MEKUNDU.

"Macho yangu si mekundu!"

Nikisema hivyo nayasikia yakipata moto taratibu, kama pasi ya mkaa inayopulizwa. Tepe ya tatu inadondoka juu ya kiatu changu.

Napepesa macho, na uwanja haupo tena.

Niko ndani ya chumba cheupe kisicho na mlango. Kuta zake ni za kitambaa, laini, na pembeni zimeshonwa kwa uzi mnene kama kamba. Ukutani kuna alama ya buluu iliyofifia, kama ramani ya ziwa. Humo ndani kuna harufu. Ni kali, inapanda mpaka kichwani, na siijui inatoka wapi.

Katikati kuna kiti cha plastiki cha buluu, mguu mmoja umefungwa waya. Nakijua. Ni kile cha kibandani kwangu, wanachogombania wote wanaokuja kupiga soga, na mgongoni nimekiandika kwa mkono wangu: SI CHA KUAZIMA.

"Mimi ni mwakilishi wa chama cha marubani," kinasema kiti. "Keti, mwanangu."

Naketi.

"Umeona? Aliyekaa haandikwi kwamba amepepesuka. Umeshaharibu mara tatu. Umetania, umeondoka, umegomba. Umebaki na tepe moja. Sasa utasema maneno machache, mimi nikisikia, kisha utanyamaza."

"Kunyamaza siwezi."

"Ninakujua. Miaka tisa nimekubeba wewe na wageni wako. Leo utaweza."

Pua anaingia kupitia mshono, na mhuri nyuma yake. Siinuki kitini.

"Sijanywa," nasema. "Nipimeni sasa hivi. Na daktari anitoe damu, chupa mbili. Moja mchukue ninyi, nyingine ifungwe mbele ya shahidi wangu."

Mhuri anainua mguu. Anautafutia pa kukanyaga, hapaoni. Anabaki na mguu mmoja hewani.

Kinaletwa kipimo. Ni kioo kirefu chenye mrija mahali pa mdomo, na kina adabu sana. "Samahani, puliza."

Napuliza. Pumzi yangu inatoka yote na kusimama mbele yangu. Ni mtu mdogo anayefanana nami, kavaa singlendi. Mimi kifuani hamna kitu. Siwezi kuvuta nyingine, maana pumzi yenyewe iko pale inahojiwa.

"Umetoka wapi?" kipimo kinamuuliza.

"Kifuani kwa huyu."

"Huko kuna pombe?"

Pumzi yangu anafikiri. Masikio yananivuma. Anaangalia dari. Namwomba kwa macho: kaka, harakisha.

"Ndizi nimeziona," anasema. "Senene wapo. Maneno ya watu yamejaa, nimepita kwa kubanana. Pombe hapana."

Anarudi kifuani, nami nakohoa kama niliyetolewa majini.

"Sifuri," kinasema kipimo. "Tungoje robo saa, turudie."

Robo saa anapita, mzito, kimya, akivuta miguu kwenye sakafu ya kitambaa, hamsalimu mtu. Napuliza tena. Sifuri.

Nataka kushangilia, lakini Pua hajaondoka. Anavuta hewa, na kuta zote zinavutika ndani.

"Pumzi ni safi," anasema. "Lakini harufu ipo. Mimi sijawahi kukosea."

Na ni kweli ipo. Wote tunaisikia.

"Basi uliza inatoka wapi," kinaninong'oneza kiti. "Marubani wengi huishia kwenye sifuri, wakaenda nyumbani, harufu ikabaki nyuma ikiwasema."

"Inatoka wapi?" nauliza.

"Kwangu," unajibu ukuta.

Ndipo natambua mahali nilipo. Niko mfukoni mwa shati.

"Aliyekunywa ni mimi," linasema shati, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Saa nne asubuhi nilinyweshwa spiriti, hapo penye wino. Pamba moja, ya pili, ya tatu. Hakunisuuza. Hakunianika. Alinikunja nikiwa mbichi, akanifungia kwenye mfuko wa nailoni."

"Nani?" anauliza Pua.

"Alikuwa anamsimulia muuza chapati habari za mke wa mwalimu. Hakuniangalia hata mara moja."

Naangalia mikono yangu. Vidole viwili vina wino wa buluu.

Nikiinua kichwa, aliyeketi kwenye kiti si mimi. Ni Kapteni Revokatus mwenyewe, kavaa shati lile, na begani tepe moja inaning'inia. Mimi nimesimama nje ya seng'enge ya uwanja katikati ya watu. Ananitazama. Hana hasira, na hilo ndilo linalonitisha.

"Fundi," ananiambia. "Sema."

Nafungua mdomo kusema ni mimi, ni spiriti yangu. Inatoka sauti tamu, ile yangu ya kijiweni:

"Jamani, mmesikia? Rubani kalewa!"

Watu wananisogelea. Najaribu tena, najikaza mpaka shingo inauma.

"Na wanasema si mara ya kwanza!"

Mhuri anacheza. Ile tepe ya mwisho nimeishona kwa nyuzi mbili, nazijua. Mmoja unakatika, nausikia kabisa. Mbali kule, magurudumu ya ndege yanaachana na ardhi. Mama Koku ameweka kiganja kwenye kioo cha dirisha. Sasa ana habari. Uzi wa pili unaanza kuvutika, na mimi mdomo wangu uko wazi, na bado unaongea.

"Fundi Projestus! Fundi, amka!"

Nikaamka. Felisia alikuwa mlangoni, anahema, unga mpaka viwikoni.

"Wewe umelala na dunia inaungua! Kapteni wako kashikwa hapo uwanjani sasa hivi. Ananuka pombe, mlinzi kaziba pua! Ndege imejaa watu, wamekaa wanamngoja."

"Kapteni yupi?" akauliza Mama Koku kutoka nyuma ya pazia. "Si katoka hapa muda si mrefu? Alipitia shati lake, akabadilisha humu humu. Nikataka kumwamsha huyu, akasema, 'Mwache mzee apumzike.'"

"Ndiyo huyo huyo, dada yangu." Felisia akavuta kile kiti cha buluu, akaketi, akakunja kanga vizuri kama mtu atakayekaa sana. "Na wanasema si mara ya kwanza."

Kwa kawaida hapo ningesogeza kigoda na kumwambia, hebu anza mwanzo.

Juu ya meza ya kukatia, chupa ya spiriti ilikuwa wazi. Kando yake pamba tatu, za buluu. Mfuko wa nailoni ulikuwa chini, mtupu.

Nikagundua kwamba mkono wangu wa kulia umekunjwa ngumi. Nikaufungua. Kiganjani palikuwa na tepe za dhahabu, ncha za nyuzi zangu bado zimening'inia, zile nilizozishona asubuhi na kuzivuta kwa meno kuhakikisha hazitoki.

Nikazihesabu. Tatu. Nikazihesabu tena, nikizitenga kwa kidole kimoja kimoja. Tatu.

Nikaifunga chupa ya spiriti, nikaitia kwapani.

"Felisia," nikasema, "inuka. Nakitaka hicho kiti. Nakwenda nacho uwanjani kwa Kapteni."