Tumbo la Jalebi

Asubuhi hiyo Jalebi hakumpiga Hannah kikumbo, na Hannah akajua kuna jambo. Kila siku akifungua mlango wa banda, poni huyo wa miaka miwili humsukuma kifuani akidai pumba zake, adabu hana hata chembe. Leo alisimama kwenye kona, mdomo wa juu ameukunja, akigeuka kila mara kuutazama ubavu wake. Pumba hakugusa. Akaparapara sakafu kwa kwato, akakunja magoti kama anayetaka kulala, akaghairi.

Hannah alikuwa saisi wa farasi miaka kumi na minane, na kazi aliirithi kwa babake. Alikagua sakafu: safi, hata tonge moja la mavi halikuwepo. Akalaza sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, lina kelele kama jikoni kwenye harusi. La Jalebi lilikuwa kimya, na kimya hicho kilimtia hofu. Farasi hawezi kutapika. Tumbo likifunga, jioni inaweza kumkuta maiti.

Alimpigia simu Daktari Ngui, aliyekuwa mjini.

"Mwondolee chakula chote. Mtembeze pole pole, asibingirike. Nakuja, lakini hapa Westlands jam ni mbaya. Kwani amekula nini?"

Hapo ndipo penye mwiba. Hannah alijua, na wiki tatu nzima alikuwa amefyata ulimi.

Bibi wa nyumba hiyo ya Kitisuru, Jashoda, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Ba, alizoea tangu usichana kumpa ng'ombe chapati ya kwanza ya siku, kwa desturi ya Kihindu, iwe baraka. Kitisuru, mtaa wa matajiri wa Nairobi, ng'ombe utamtoa wapi? Basi Jalebi alipoletwa kwa ajili ya wajukuu, Ba akampandisha cheo, akawa ng'ombe. Chapati ya samli na sukari guru kila asubuhi! Hannah aliona, akanyamaza. Nani amfundishe mama wa miaka sabini na mitano kumwomba Mungu wake?

Sasa alimfuata hadi jikoni. "Ba, Jalebi ni mgonjwa. Jana alikula chapati ngapi?"

Ba akahesabu vidole. "Yangu moja. Ile ya watoto, ile ya wageni... kumi na mbili. Na laddu kidogo, ile tamu-tamu ya sikukuu. Jana ilikuwa Diwali, Hannah! Yeye pia afurahi."

"Hizo ndizo zimemfunga tumbo, Ba. Ningekuambia mapema, niliogopa. Makosa ni yangu."

Heri angefoka. Ba alilia, machozi ya kweli, hadi Hannah akatamani ardhi immeze. Kisha akajifuta kwa ncha ya sari, akavaa gambuti za mjukuu wake, akaja kushika kamba upande wa pili. Wakamzungusha Jalebi uani, saisi huku, bibi kule, mmoja akimwomba Yesu, mwingine akimwomba Krishna, na poni katikati akikokota miguu.

Daktari alifika saa tano. Akamdunga sindano, akampitishia mpira puani na kummiminia mafuta, akasema kilichobaki ni kungoja. Wakangoja wakitembea. Kila mzunguko Ba alilaza sikio ubavuni. "Hapana sikia kitu," alisema, na kila mara sauti ilizidi kuwa ndogo.

Saa nane akaruka. "Hannah! Iko mtu ndani anahamisha meza!"

Hannah akasikiliza. Ngurumo, tena ngurumo nene. Kabla hajasema neno, Jalebi aliinua mkia, na mzigo ukadondoka, pu, pu, pu, juu ya mawe yaliyofagiwa ya Ba.

Ba alimkumbatia Hannah, gambuti zikikanyaga palepale pasipokanyagika. Akamnyang'anya simu, akampigia mwanawe Sachin, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiuliza habari za poni hata kwenye mkutano wa benki katikati ya jiji.

"Amekunya, Sachin!" alipaza sauti, majirani wa Kitisuru wakichungulia juu ya ua. "Waambie wote hapo! Amekunya!"

Na kutoka ndani ya simu Hannah akasikia benki nzima ikipiga makofi.