Mkalimani wa Mama Meneja

Kwamba mzee Kassimu alijua Kiingereza, Vuga nzima haikuwa na shaka. Miaka ishirini na minane alikuwa karani wa mizani kwenye mashamba ya chai kule Bungu, akipima vikapu vya wachumaji, na Kiingereza chake alikiokota mwenyewe, neno moja moja, kwenye makasha ya chai na madumu ya dawa ya wadudu. Kwa hiyo "weka mbali na watoto" na "tikisa kabla ya kutumia" aliyasoma bila kupepesa jicho. Shida ni kwamba Wakorea wakipendana hawayatumii sana maneno hayo.

Ndiyo maana ilimbidi atunge.

Tangu biashara ya nje ifunguliwe na televisheni zianze kupanda mlima juu ya malori yaliyoshusha kabichi, bi Mwanamisi jirani yake alikuwa na ya kwake, inchi ishirini na moja, aliyoifunika kitambaa cha kufuma kama mwari. Kila Jumamosi baada ya alasiri wanawake wanane au tisa walijipanga mkekani, diski ya Kikorea ikaingizwa kwenye deki, na mzee Kassimu, mwanamume peke yake, "mghoshi" kama walivyomwita kwa heshima kwa Kisambaa, akapewa kigoda karibu na kioo ili awasomee yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini mbio kama siafu. Alisoma neno moja katika kumi. Tisa aliyatoa tumboni.

Majina ya Kikorea yalimshinda, akayabatiza upya. Msichana maskini anayeuza supu akawa Zainabu. Kijana wa suti anayempenda akawa Meneja. Na yule mama wa kijana, mwenye koti la manyoya na mdomo uliobanwa kama mfuko wa ugoro, akawa Mama Meneja, naye hakutaka kumsikia Zainabu hata kwa dawa.

"Anambeba tena mgongoni," alisema bi Mwanamisi Jumamosi moja. "Miguu anayo yule."

"Ni mapenzi hayo, bi Mwanamisi."

"Mapenzi ni kumbebea kuni. Na mvua hiyo wanayosimamia kutazamana, mghoshi, waje waisimamie hapa mwezi wa nne. Sehemu ya pili wote wangekuwa hospitali."

Lakini alisifu kitu kimoja: sehemu kumi na tatu na wale wawili hawajavuka kushikana mikono. Huo, alisema, ni mchezo unaoweza kuutazama na mkweo. Na zaidi ya yote alimpenda Mama Meneja. Huyo ndiye pekee mwenye akili katika Korea nzima. Mtoto wa watu utampaje mtu ambaye hujui kaburi la babu yake liko wapi?

Hapo wanawake walitazama chini, maana kila mtu alijua anayesemwa. Rahma, mjukuu aliyelelewa na bi Mwanamisi tangu wazazi wafariki, alikuwa anapendana na Mbaraka, fundi wa madishi. Mbaraka hakuwa na kasoro ila moja: baba yake, mzee Yusufu, alikuja kutoka Singida kuchuma chai, na makaburi yao yote yalibaki hukohuko.

Siku ya pili yake Rahma alimfuata mzee Kassimu kwenye tuta lake la hoho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona macho mekundu, umekata vitunguu?"

"Bibi ameapa, babu. Mbele ya wote, ulipokuwa umetoka kuswali. Amesema siku Mama Meneja atakapomkubali Zainabu, na yeye atampokea Mbaraka. Asipomkubali, nisilitaje tena jina hilo nyumbani kwake." Akajifuta pua kwa kanga. "Na imebaki sehemu moja tu."

Mzee Kassimu aliegemea jembe. Kiapo cha bi Mwanamisi kilikuwa kama mtaro wa mawe, hakihami. Lakini neno la Mama Meneja nani alilileta Vuga, kama si yeye?

"Nenda kapike," akamwambia. "Yule mama atakubali. Hata akikataa, atakubali."

Jumamosi ilifika na ukungu wake. Mzee Kassimu aliketi, akakohoa, diski ikazunguka. Dakika ya kumi Zainabu alikuwa kitandani hospitali, mweupe kama ua la yungiyungi, mipira puani. Dakika ya kumi na tano daktari alivuta shuka akamfunika uso.

Mkekani wanawake wote wakamgeukia mkalimani.

"Anapumzika," alisema mzee Kassimu. "Daktari anasema taa inamuumiza macho."

"Mbona Meneja anapiga kelele?" aliuliza Marta, jirani wa ng'ambo ya bonde.

"Anaagiza taa izimwe."

Picha ikahama. Ukumbi mkubwa, maua meupe ukuta mzima, udi unafuka, watu wa suti nyeusi wameketi chini wanakula. Mbele kabisa, katikati ya maua, picha ya Zainabu yenye utepe mweusi pembeni. Zainabu mwenyewe hayupo. Mzee Kassimu alihisi jasho likimshuka mgongoni kama siku ile mkaguzi alipokuja kupima mizani yake. Kisha akautazama ule udi, akavitazama vyakula, na Mungu akamfungulia.

"Ndoa," alisema taratibu. "Ndiyo ndoa yenyewe hii."

"Bibi harusi yuko wapi?" aliuliza bi Mwanamisi.

"Wewe ulipoozwa ulikuwa wapi?"

Bi Mwanamisi akafikiri. "Chumbani. Nilisikia takbiri tu."

"Basi naye yuko chumbani. Wenzetu wana heshima, wanaweka picha ili wageni wajue anaozwa nani."

Wanawake waliguna kwa kuridhika. Jambo lenyewe lilikuwa wazi: udi upo, pilau lipo, mwari kafichwa. Wakati huohuo mwalimu Yudith, mpangaji wa nyumba ya nyuma, aliingia kuomba chumvi. Mwalimu huyu alijua Kiingereza cha kweli. Akasoma yale maandishi mstari mmoja, akasoma wa pili, akaweka mkono mdomoni, na machozi yakamtoka.

"Mnaona," alisema mzee Kassimu haraka. "Hata mwalimu anashindwa kuzuia furaha."

Yudith alimgeukia. Mzee Kassimu alimwangalia kwa jicho la mtu anayezama mtoni, kisha akaelekeza kidevu kwa Rahma, aliyekuwa mlangoni ameshika fremu kama anaizuia isianguke. Yudith akameza alichotaka kusema. "Ndiyo," alijibu. "Inagusa sana."

Ndipo akaingia Mama Meneja. Koti la manyoya hakuvaa. Alitembea mpaka mbele ya ile picha, akapiga magoti, akainama mpaka chini, akalia.

"Anasemaje?" bi Mwanamisi alinong'ona.

Kwa mara ya kwanza katika sehemu kumi na nne mzee Kassimu alilisoma neno lote, maana lilikuwa moja na alilijua. "Anasema, 'Nisamehe.'"

Vigelegele vilipasua ukungu. Bi Mwanamisi peke yake hakupiga. Aliizima televisheni, akairudishia kitambaa chake.

"Nimeapa," alisema. "Mbaraka alete watu wake. Ila kuozesha ni kuozesha. Hao wa Singida kuwaita wakwe, kinywa changu hakijafika huko."

Miezi miwili baadaye ndoa ilifungwa msikitini. Baba yake Mbaraka, mzee Yusufu, hakuwahi, lori lilinasa kwenye tope njiani kutoka Bungu. Mzee Kassimu aliporudi na wanaume uwanjani kwa bi Mwanamisi kula, alisimama ghafla.

Juu ya meza yalijaa mayungiyungi meupe kutoka bustani za Lushoto. Udi ulifuka. Katikati ilisimama picha ya Rahma, ya kitambulisho cha shule, iliyokuzwa mjini, amekodoa macho kama anangoja sindano. Pembeni ulipita utepe mweusi, umekatwa kwenye baibui kuukuu.

"Kusujudu ni kwa Mungu," alisema bi Mwanamisi. "Sisi tutainamisha vichwa tu. Anza wewe, mghoshi, unayejua utaratibu."

Mzee Kassimu akainamisha kichwa. Nyuma yake alimsikia mwalimu Yudith akikohoa kikohozi kisicho na kifua. Watu wakafuata, mmoja mmoja, kimya.

Hapo ndipo mzee Yusufu alipoingia getini, tope mpaka magotini, ameshika jogoo. Aliitazama picha, utepe na vichwa vilivyoinama. Jogoo akamponyoka.

"Innalillahi," alisema. Akaketi palepale chini akalia, mtu mzima, bila kujificha. "Binti yangu. Hata sijawahi kumwona."

Bi Mwanamisi alivuka uwanja, akaushika mkono wake wenye tope kwa mikono yake miwili.

"Inuka, mkwe," alisema. "Hata Mama Meneja hakulia hivi. Ngoja nikuletee kiti."

Bi Mwanamisi alipoondoka, mzee Yusufu alimvuta mzee Kassimu joho. "Karani," alinong'ona, "ameugua siku ngapi?"

"Yuko ndani anakula pilau," mzee Kassimu alimjibu sikioni. "Endelea kulia kidogo."

Mzee Yusufu alimkazia macho. Miaka mingi alikuwa ameutua mzigo wake kwenye mizani ya mtu huyu, akakubali alichosomewa. Akajifunika uso kwa kofia, akaendelea.