Mzaliwa wa Kwanza wa Mama Mbao

"Mwalimu! Una mgeni huku!" Hajara, jirani, mke wa askari polisi, aliita kutoka kwenye kamba ya nguo. "Na usimwambie umefiwa, atadhani ni mtu!"

Ampeire aliweka kalamu chini. Ni kweli alikuwa amefiwa, na ni kweli aliyekufa hakuwa mtu. Mama Mbao alikuwa mjusi, wale wa ukutani wenye vidole vya kunata, ila huyu alikuwa mkubwa kuliko wenzake, wa kahawia, mwenye mistari miwili myeupe kutoka shingoni hadi mkiani. Jumanne asubuhi Ampeire alimkuta ndani ya sanduku lake la kioo, tumbo juu, mwepesi kama ganda la karanga. Alimzika nyuma ya nyumba ndani ya boksi la chaki. Hajara alicheka mpaka akashika ukuta. "Ukimaliza kumlilia huyo, njoo bafuni kwangu. Wako kumi. Nakupa bure."

Leo ilikuwa Ijumaa. Mlangoni mwa nyumba yake ya Rukoki, karibu na Kasese, alisimama mama wa makamo asiyemjua, miguu imejaa vumbi, kikapu mkononi.

"Hapa ndiyo kwa mwalimu wa mijusi?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Mimi ni Edisa, natoka Bwera. Mzee Eridadi ni baba yangu. Amenituma nikuulize: ule muzaliwa wa kwanza, alishazaliwa?"

Ampeire alitupia jicho mezani. Mzee Eridadi alikuwa mlinzi wa yadi ya mbao kule Bwera. Magogo yaliyoletwa kutoka Kongo yalikuwa yakija na mijusi ndani ya magome, naye alikuwa akiiokota kabla msumeno haujaifikia na kuiachia ukutani mwa nyumba yake. Mwaka jana, Ampeire akiwa ndiyo kwanza ametoka chuo kikuu, mzee alimpa jike mmoja, akamwazima na dume kwa mwezi mzima, kama watu wanavyoazimana beberu. Malipo alikataa. "Kwetu mutu akikupa mbuzi jike," alisema, "mutoto wa kwanza anarudi nyumbani. Wengine ni wako." Ampeire alicheka, akampa mkono. Wakakubaliana.

Mayai ya kwanza yaliliwa na siafu. Ya pili aliyageuza alipokuwa akisafisha sanduku, yakaoza, ndipo akajifunza kwamba yai la mjusi likishalala upande mmoja haligeuzwi tena. Ya tatu aliyawekea alama ya penseli juu, akayalinda kwa miezi miwili kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Moja lilinywea. Jingine lilipasuka Jumatano, siku moja baada ya mama kufa, kikatoka kijusi chenye urefu wa kiungo cha kidole na mistari miwili kama nyuzi. Sasa kilikuwa mezani, ndani ya chupa ya asali, nyuma ya madaftari.

"Karibu ndani, mama," alisema. "Mama Mbao amekufa."

Alingoja kicheko. Edisa alivua viatu. Alikipita kiti, akaketi chini kwenye mkeka, kikapu pembeni, kama watu wanavyokaa kwenye msiba.

"Pole," alisema. "Pole sana, binti yangu. Alikufa namna gani?"

Ampeire alikuwa hajaulizwa swali hilo na mtu yeyote. Alifungua mdomo, na yote yakatoka: jinsi alivyokwenda Munkunyu Jumapili kumwona rafiki, akaona panzi wanono pembeni mwa shamba la pamba, akajaza mfuko mzima akifikiria furaha ya Mama Mbao. Hakuuliza kama pamba ilikuwa imepuliziwa dawa. "Nilimlisha kwa mkono wangu," alisema. "Alikula wanne. Nikampongeza."

"Ulimupa kwa mapendo."

"Nilimpa sumu, mama."

Edisa alitazama sanduku tupu la kioo, kisha akasema taratibu, "Mzee macho yake imekwisha kabisa. Alikuwa anajua usiku imefika juu ya sauti ya mijusi. Sasa kaka yangu ameleta plasta, amepaka rangi, nyumba inang'aa, mijusi yote imekimbia. Mzee anakaa pale, ananiuliza kila saa: Edisa, jua imezama? Saa sita ya mchana, anauliza. Na huyu, hakubakisha hata mutoto moja?"

"Hapana," alisema Ampeire. "Hakubakisha."

Kwa mazoea akasikiliza. Kila jioni alikuwa akisahihisha kazi za wanafunzi huku akiongea peke yake, na kila aliposema jambo, kutoka kwenye kioo ilijibu sauti ile: tk-tk-tk. "Unaona?" angesema. "Hata Mama Mbao anakubali." Sasa neno lake lilibaki hewani bila shahidi. Alitamani sauti ile hata kama ingekuwa ya kumsuta.

Edisa alisimama, akatoa kwenye kikapu mfuko wa unga wa muhogo. "Huu ilikuwa ya kushukuru. Basi iwe ya matanga." Akauweka mezani, kando ya madaftari, akavaa viatu, akaenda kutafuta gari.

Unga ule Ampeire hakuupika. Alikaa ameikumbatia chupa ya asali. Kijusi kilikuwa kimening'inia kwenye kioo, na upande wa chini wa vidole vyake ulionekana wazi, kama vile vya Mama Mbao vilivyokuwa vikitembea juu ya kiganja chake kila asubuhi kwa mwaka mzima. Kingekua. Kingejibu jioni. Kilikuwa kitu pekee chenye mistari ile duniani mwake, na hakuna aliyejua kuwa kipo.

Hakuna ila yeye.

Jumamosi asubuhi alipanda gari la Bwera, chupa imefunikwa kwa leso mapajani. Gari liliposimama njiani, Kikorongo, abiria walinyoosha mikono madirishani kununua mahindi ya kuchoma. Ng'ambo ya barabara gari la kurudi Kasese lilikuwa likipiga honi, lina nafasi. Ampeire alilitazama mpaka likaondoka.

Edisa alikuwa uani akimenya muhogo. Aliiona leso, akaona umbo la chupa.

"Jana nilikudanganya, mama."

"Nilijua." Edisa aliendelea kumenya. "Uliangalia ile vitabu mara saba. Nikasema, huyu hata uongo hajafundishwa huko chuo." Kisha akaelekeza kisu barazani. "Mzee iko pale. Enda."

Mzee Eridadi alikuwa ameketi ameegemea ukuta mpya, mweupe kama sahani. Ampeire alipiga magoti, akajitambulisha.

"Mwalimu wa Rukoki! Umeniletea wa kwanza?"

"Wa kwanza, mzee. Mama yake amefariki."

"Edisa ameniambia." Alinyoosha kiganja, halafu akasita. "Uko na wengine?"

"Sina."

Mkono wa mzee ulirudi magotini. "Basi rudi naye. Mbuzi akikufa, deni inakufa."

Ilikuwa rahisi hivyo. Ampeire angeweza kusema asante na kuifunika tena chupa kwa leso.

"Tulipeana mkono, mzee," alisema.

Akafungua kifuniko. Akaiinamisha chupa juu ya kiganja kile kikavu, na kijusi kikasimama mdomoni mwa kioo, kikatazama pande zote, kikashuka. Mzee alishusha pumzi taratibu. Vidole vidogo vilipita juu ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono, kisha vikaruka ukutani na kupanda, mistari miwili myeupe ikipotea ndani ya weupe wa rangi.

"Ameenda juu?"

"Yuko karibu na dari. Lakini bado ni mdogo, mzee. Hataita leo. Labda baada ya miezi."

"Mimi niko hapa," alisema mzee, akageuza sikio kwenye ukuta.

Ampeire alifunga kifuniko cha chupa tupu, akakaa naye mpaka jua lilipozama, akamwambia limezama.